Mashuka Sabini na Moja

Septemba 1827 Alessandro Manzoni alikuwa Florence na familia yake, mbali na nyumbani kwao Milan. Akamwandikia rafiki yake Tommaso Grossi kwamba kazi zimemzonga: ana mashuka 71 ya kusuuza, na maji kama ya mto Arno, na madobi kama Cioni na Niccolini, hawezi kuyapata pengine popote. Gaetano Cioni na Giovan Battista Niccolini hawakuwa madobi hata kidogo. Walikuwa wasomi wa mji ule. Na mashuka yalikuwa karatasi za chapa za riwaya yake, I promessi sposi, yaani Wachumba, iliyokuwa imetoka mwaka huohuo Milan katika juzuu tatu na watu wakaipokea kwa shangwe. Kitabu kilikuwa dukani, kinasifiwa, naye mwenyewe alikuwa ameinama juu ya beseni.

Nalipenda sana neno hilo alilolichagua. Hakusema kufua, alisema kusuuza. Anayefua hupambana na uchafu, lakini anayesuuza hupambana na sabuni, kitu ambacho amekitia mwenyewe kwa nia njema kabisa. Shuka lisilosuuzwa vizuri ukilianika hukauka gumu kama mkeka, na likigusa ngozi linawasha. Ukilitazama kwenye kamba ni jeupe tu, huoni kasoro.

Kazi yangu ni uhariri, na watu hudhani kalamu yangu nyekundu inawinda makosa. Makosa ni mepesi. Neno lililokosewa tahajia linajitokeza lenyewe kama nzi kwenye maziwa. Kazi ni ile sabuni. Hadithi yangu ya kwanza niliijaza “ilhali”, “maadamu” na “hususan” kila kona, nikamsomea shangazi yangu jioni moja akiwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi, akauliza, “Huyu mama anayezungumza hivi sokoni, ni mtu wa wapi?”

Manzoni angemwelewa shangazi. Alizaliwa Milan mwaka 1785, mjukuu wa Cesare Beccaria, yule aliyeandika kupinga mateso na adhabu ya kifo. Lugha ya mtaani kwao ilikuwa Kimilano. Rafiki yake msomi, Claude Fauriel, alimwandikia kwa Kifaransa. Kiitaliano kilikuwa lugha ya vitabu: kilinyooka, kina heshima zake, lakini ungekitumia vipi kugombana na jirani au kuagiza mkate? Naye alitaka kuandika habari za watu wa mkate. Renzo na Lucia, wote wanaishi kwa kazi ya hariri katika kijiji cha kando ya ziwa Como, wanataka kuoana. Ni mwaka 1628. Bwana mkubwa wa pale amemtamani Lucia, padri Don Abbondio anatishwa na wahuni wake, na harusi inakwama. Baada ya hapo ni ghasia za mkate Milan, vita, njaa, na tauni ya 1630.

Alianza tarehe 24 Aprili 1821. Maandishi yake ya mkono yamo katika maktaba ya Braidense, Milan, na ukurasa wake ni wa kushangaza: maneno yamebanwa upande mmoja, na upande wa pili aliuacha uwe mahali pa kusahihishia. Kabla hajaandika sentensi ya kwanza alikuwa tayari ameyatengea nafasi majuto yake. Rasimu hiyo, iliyoitwa Fermo e Lucia, ilikamilika Septemba 1823. Akaisoma, akaona lugha yake ni viraka: Kilombardia hapa, Kitoskana cha vitabuni pale, Kifaransa na Kilatini vikichungulia katikati. Akaanza upya.

Tazama alivyomfanya Gertrude, mtawa wa Monza. Ni binti wa kabaila, baba yake amemsukumia utawani ili mali isigawanyike. Mwanamume mmoja mwovu wa nyumba ya jirani anamwita kupitia dirishani. Katika rasimu, mambo ya wawili hao, dhambi hadi mauaji, yalisimuliwa kurasa kwa kurasa. Katika kitabu yamekatwa. Mwandishi anasema tu, kwa maneno matatu ya Kiitaliano, kwamba yule mwenye bahati mbaya alimjibu, kisha anaendelea na safari yake. Watoto wa shule Italia wanayajua maneno hayo kwa moyo. Sijui mkato mwingine uliofanya kazi kubwa hivyo: mlango unafungwa, na msomaji anabaki nje akiwa anajua kila kitu.

Lakini mkato ni kazi ya mkasi. Kusuuza kulichukua muda zaidi. Aliporudi Milan hakuwa na Arno tena, na miaka iliyofuata ilikuwa mizito. Mkewe Enrichetta alifariki siku ya Krismasi 1833, na binti yao Giulia akamfuata mwaka uliofuata. Kazi iliposhika kasi tena, dobi wake mkuu hakuwa msomi. Alikuwa Emilia Luti, binti wa Florence aliyekuwa akilea mtoto nyumbani kwa Massimo d'Azeglio, mkwewe Manzoni. Bwana huyu ambaye Goethe alimsifu alikuwa akimuuliza yaya: hiki kwenu mnakiitaje? Mtu akisema hivi, mnamcheka?

Mabadiliko yenyewe ni madogo kiasi cha kuchekesha. “Yeye” ya vitabuni, egli, akaifanya lui, kama wasemavyo watu. “Nilikuwa na” iliyokuwa ikiandikwa aveva akaiandika avevo. Ni kama mwandishi wetu apitie riwaya nzima akigeuza kila “nalikwenda” kuwa “nilikwenda”, kisha arudi mwanzo kutafuta neno lingine. Mambo kama hayo, kwa maelfu. Kazi ilipokwisha alimpa Emilia nakala, na ndani yake akaandika kumshukuru kwa matambara aliyoyasuuza katika Arno.

Wapo walionung'unika, na si wote walikosea. Harufu ya Lombardia ilipungua. Na mwaka 1868, Italia ikiwa imeungana, serikali ilipomwomba ushauri, mzee alipendekeza Kiflorence kinachozungumzwa kifundishwe nchi nzima. Mwanaisimu Graziadio Isaia Ascoli alimpinga miaka mitano baadaye: lugha ya taifa haitolewi amri kutoka mji mmoja. Sisi ambao Kiunguja kiliwekwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikanuna, tunaijua hoja hiyo pande zote mbili. Mimi niko na Ascoli. Kinachofaa kwenye meza ya mtu mmoja, akijiuliza neno hadi neno, hakifai kugeuzwa waraka wa wizara.

Toleo lililosuuzwa lilitoka vipande vipande kati ya 1840 na 1842, kwa gharama ya Manzoni mwenyewe, likiwa na picha za Francesco Gonin. Sehemu ya hesabu ilikuwa kuwakomoa wachapaji wezi, maana picha nyingi hivyo si rahisi kuziiga. Hesabu haikutoka. Alipata hasara kubwa.

Kisha mwaka 1845 Felice Le Monnier, Mfaransa mwenye kiwanda cha uchapaji, akakitoa kitabu kile bila ruhusa. Manzoni akamshitaki, na kesi ikaburuzwa miaka na miaka. Le Monnier hakugusa toleo jipya; alichapa lile la 1827, kama lilivyokuwa kabla ya Cioni na Niccolini na Emilia. Na kiwanda chake kilikuwa Florence. Watu waliokuwa wakinywa maji ya Arno wakanunua mashuka yenye sabuni, wakatandika, wakalala.