Mshono wa Alumini Husomwa Kuanzia Mwisho

Mwanafunzi wa kuchomelea kwa TIG akiniletea kipande chake cha kwanza cha alumini, sihangaiki na yale mapindo yanayofanana na sarafu zilizolaliana. Hayo ni ya kupigwa picha. Nakigeuza kipande nianzie mwisho wa mshono, pale alipokata moto.

Alumini ikipoa hunywea sana. Aliyeachia kanyagio ghafla huacha kishimo, na ndani yake ufa wenye umbo la nyota. Aliyepunguza ampea taratibu huku akiongeza tone la mwisho la waya huacha kifundo kilichojaa. Akiziba kishimo hicho katika wiki ya pili, hata mshono wake ukipinda kama njia ya ng'ombe, huyo ameanza kuelewa.

Kisha natazama kando. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini utando wa oksidi ulioifunika huhitaji zaidi ya 2,000. Ndiyo maana tunatumia mkondo geu: nusu yake hung'oa utando, nusu hupenyeza joto. Kazi safi huwa na ukanda mweupe kandokando ya mshono. Ukiona masizi, au vitundu kama vya kitumbua, usiulaumu mkono. Ni mafuta, unyevu, argoni isiyofika, au brashi iliyokwisha kusugulia chuma kingine. Hayo simsamehe mtu hata siku ya kwanza; kufuta kwa asetoni na kutenga brashi moja ya stenlesi hakuhitaji kipaji.

Ninachosamehe ni upana usiolingana. Chuma hukuonya kwa wekundu. Alumini haibadiliki rangi, hung'aa ghafla kama kioo, na ukizubaa inadondoka. Tena mwanzoni joto lote hukimbilia kwenye bamba na kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka hakitokei; ukifika katikati bamba zima limeshika joto, mshono unatanuka. Hilo ni suala la miezi, si wikendi moja. Na ncha ya elektrodi ya tangsteni utaichovya tu kwenye kidimbwi. Mimi mwenyewe bado naichovya, naenda kuinoa.

Anza na bamba la milimita 3, ampea 120 hivi, si sufuria iliyotoboka. Ukimaliza, libane kwenye jiliwa, ligonge nyundo mpaka mshono uvunjike au ukunjike. Ukivunjika na mstari wa maungio ukaonekana ndani haujayeyuka, sarafu zako zilikaa juu juu tu. Kiandike tarehe kipande hicho, ukiweke.