Jinsi Peugeot Lilivyodumu Katonga

Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Afrika Mashariki kundi la magari ya Mercury Comet kushindana katika mbio za Safari. Comet lilikuwa gari la familia la bei nafuu. Lilitokana na Ford Falcon, ambalo mwaka 1960 mfanyakazi wa kawaida wa Marekani aliweza kulinunua kwa chini ya dola 2,000. Kwa ajili ya Safari yalifungwa injini kubwa za V8. Mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho, tena nje ya kumi bora. Mshindi alikuwa Ford Cortina GT, gari dogo la familia kutoka Uingereza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kati ya magari 84 yaliyoanza, saba tu ndiyo yaliyomaliza, na lililotangulia lilikuwa Peugeot 404. Gari la aina hiyohiyo lilishinda tena mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa Tanzania, na mara nyingine mwaka 1968. Halikuwa na sura ya kumgeuza mtu shingo. Lilikuwa gari la mwalimu, la bwana shamba, la mfanyabiashara mwenye watoto wengi.

Lakini mbio ni jambo la siku chache. Gari la nyumbani hupimwa kwa miaka. Nilikulia Katonga, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa Tanganyika, kusini-magharibi mwa mji wa Kigoma, katika nyumba yenye Peugeot 504 la stesheni wageni, mdogo wake 404 lile. Huku kwetu wengi tuliliita Pijo. Lilibeba watoto wa shule, wagonjwa, magunia ya dagaa na madumu ya mawese kwa miaka mingi baada ya muda ambao magari mengine ya rika lake yalikwisha kuwekwa juu ya matofali. Ninachotaka kuchambua ni jinsi hilo lilivyowezekana. Jibu langu ni kwamba ugumu wa chuma ulichangia kidogo tu. Gari lile lilidumu kwa sababu kila kilichochakaa ndani yake kiliweza kufunguliwa kwa spana, kutolewa na kubadilishwa hapohapo, bila mashine kubwa.

Mazingira ya Kigoma ndiyo yaliyofanya sifa hiyo iwe na thamani. Wakati ule barabara ya lami ya kutoka Dar es Salaam haikutufikia. Njia ya uhakika ilikuwa Reli ya Kati, kilomita 1,250 hivi, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Gari lenyewe lilikuja juu ya behewa la wazi, magurudumu yamezuiwa kwa magogo na kufungwa minyororo. Petroli ilikuja kwa mabehewa ya matangi. Spea nazo zilikuja kwa treni, kama zilikuwapo, kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa haba na uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Katika hali hiyo, kifaa kilichohitaji kupelekwa karakana ya mbali kilimaanisha gari kulala miezi.

Tuanze chini ya gari. Barabara ya kuingia Katonga ni ya vilima, mawe na makorongo ya mvua, kisha ufukweni unakutana na mchanga. Peugeot lilikuwa na springi laini zinazopanda na kushuka kwa kina kirefu. Mbele, kila gurudumu lilikuwa na shokapu iliyosimama ndani ya koili. Nyuma, stesheni wageni lilikuwa na aksele ya kipande kimoja iliyobebwa na koili nne, mbili kila upande, kwa ajili ya mzigo. Gurudumu lilizama shimoni na kutoka huku bodi ikiyumba tu. Ule ulaini ndio ulioiokoa bodi, maana springi ngumu hupeleka kila pigo kwenye welding na bolti mpaka zinalegea. Shokapu za mbele pia zilifunguka. Zilipoanza kuvuja, fundi alifungua nati ya juu, akabadilisha sili, akatia oili mpya na kuzirudisha.

Shafti nayo ilifichwa ndani ya bomba la chuma kutoka kwenye giaboksi mpaka kwenye difu. Vumbi na tope havikuigusa. Hilo lilikuwa na gharama yake, na haki itendeke katika kulisema. Kubadilisha diski ya klachi kulikuwa kazi ya kutoa jasho, kwa sababu ili giaboksi ishuke ilibidi bomba lile lifunguliwe na aksele nzima ya nyuma isogezwe. Mafundi wa Mwanga na Ujiji, hapohapo Kigoma, waliifanya kazi hiyo chini ya mwembe, kwa jeki na magogo, na waliitoza bei inayolingana na uzito wake.

Sasa injini, mahali ambapo siri kubwa ilikuwamo. Katika injini nyingi, tundu la silinda limechongwa moja kwa moja ndani ya bloku. Linapochakaa, injini hula oili, hutoa moshi wa buluu na kukosa nguvu mlimani. Dawa yake ni kuipeleka bloku kwenye mashine ya kuchongea, kisha kutafuta pistoni kubwa zaidi zinazolingana na tundu jipya. Kwa mtu wa Katonga, hiyo ilikuwa safari ya treni ya bloku nzima kwenda na kurudi.

Peugeot lilitumia slivu za kuchomoa. Kila silinda ilikuwa bomba la chuma linalokaa ndani ya bloku, maji ya kupozea yakilizunguka moja kwa moja. Slivu nne, pistoni, pini na ringi zake ziliuzwa pamoja kama seti moja. Boksi hilo mtu aliweza kuja nalo chini ya kiti chake kwenye treni. Lilipofika, injini ilizaliwa upya bila hata kutolewa kwenye gari.

Nilisimama karibu na kazi hiyo nikiwa mtoto mwenye wajibu wa kushika taa na kopo la bolti. Kwanza injini iliachwa ipoe kabisa, kwa sababu hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ikiwa na moto hupinda. Bolti zililegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Sampu ilishushwa, konrodi zikafunguliwa, kisha slivu zikagongwa kutoka chini kwa kipande cha mti, moja baada ya nyingine. Kalio la kila slivu lilikwanguliwa kutu mpaka likang'aa, kwa sababu punje moja ya uchafu pale chini huinua upande mmoja na kuharibu kazi yote.

Baada ya slivu mpya kukaa kwenye sili zake, fundi aliweka rula ya chuma juu ya bloku na kupitisha fila geji. Slivu inatakiwa kuchomoza juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache tu za mia moja za milimita, na zote nne zilingane. Ikizama, gasketi ya hedi haibanwi vizuri na itaungua. Ikizidi, hedi inakaa upande. Urefu ulirekebishwa kwa kuchagua sili za chini zenye unene tofauti. Kazi ya vipimo hivyo ilifanyika juu ya turubai, pembeni mwa nyumba, na ilifanyika sawasawa.

Kulikuwa na amri moja ambayo fundi aliirudia kwa kila aliyekaribia: hedi ikiwa imetolewa, asizungushe mtu injini mpaka slivu zibanwe kwa bolti na washa. Pistoni ikipanda huweza kuinua slivu, sili ya chini ikafunguka, na maji yakaingia kwenye oili. Dalili yake huonekana wiki kadhaa baadaye, oili inapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Amri hiyo haikuandikwa ukutani popote. Ilikuwa kichwani mwa fundi, na alimpa kijana wake kama sehemu ya kumfundisha kazi.

Maji nayo yalihitaji akili. Maji ya Ziwa Tanganyika yanafaa kunywa, lakini ni ya alkali na yana madini mengi, hasa magnesi. Yakichemshwa kila siku ndani ya injini huacha ukoko kwenye njia za rejeta. Kwetu rejeta ilijazwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Feni ya Peugeot ilikuwa na sumaku ya umeme iliyoishika wakati injini ilipopata joto na kuiachia injini ilipopoa, ili kupunguza ulaji wa petroli. Umeme wake ulipokufa, skrubu za kurekebishia zilikazwa mpaka feni ikazunguka muda wote. Petroli kidogo ilipotea, lakini hedi ilipona.

Petroli ndiyo iliyotutesa zaidi. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1979 na nchi kutoka kwenye vita vya Kagera, ilikuwa adimu kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Petroli iliyopatikana mara nyingine ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa, na injini iligonga ikipanda mlima. Fundi alilegeza nati moja, akaizungusha distributa kwa mkono na kuichelewesha cheche kidogo, akasikiliza, akakaza. Injini ilikosa nguvu kiasi, lakini pistoni hazikutoboka.

Kwenye matairi, Tanzania ilijisaidia. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ubia wa serikali na kampuni ya Marekani ya General Tire, kilianza kutengeneza matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo tairi halikutupwa kwa urahisi. Lilitiwa buti kwa ndani, tyubu ikapigwa viraka, na lilipokwisha kabisa likawa viatu vya katambuga.

Bodi ilikuwa na bahati ya mahali. Gari la Tanga au Unguja huliwa na hewa ya bahari hata likiwa limesimama. Ufuko wa Katonga hauna hewa ya chumvi. Adui wetu alikuwa mzigo. Gunia la chumvi ya Uvinza au maji yaliyochuruzika kutoka kwenye tenga la migebuka yaliingia chini ya mkeka na kutoboa sakafu polepole. Kwa hiyo baada ya mzigo kama huo mikeka ilitolewa yote, sakafu ikaoshwa na milango ikaachwa wazi mpaka ikauke. Watoto tulilalamika, na sakafu ikabaki.

Kilichokuja kuliondoa Peugeot barabarani ni kukosekana kwa boksi la slivu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na pikapu za Kijapani zikaingia kwa wingi. Miaka ya 1990 yakafuata magari ya mitumba kutoka Japani. Spea za Toyota zikajaa kila duka, za Peugeot zikawa za kutafutwa kwa barua na nauli, ingawa 504 liliendelea kuunganishwa Mombasa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gari linalofunguka linahitaji pia kitu cha kuweka ndani yake. Toyota lilishinda kwa haki, kwa sababu lilifika likiwa na spea zake.

Leo lami imefika Kigoma, na magari tunayonunua yana kompyuta zinazoamua muda wa cheche zenyewe. Yanakula petroli kidogo na yana usalama zaidi, na sitamani watoto wangu wasafiri bila mikanda kama tulivyosafiri sisi. Ila mnunuzi wa Katonga anapaswa kuuliza maswali yaleyale kabla ya kulipa: kipi kitachakaa kwanza, nani hapa anaweza kukifungua, na kipya kitatoka wapi. Rangi, redio na viti vya ngozi vije baadaye. Na mafundi wazee wa Mwanga na Ujiji, wanaojua slivu ichomoze kiasi gani, wapewe vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wakae nao na waandike. Ujuzi huo ndio uliotembeza familia zetu wakati nchi haikuwa na dola, na utahitajika kila mara spea zitakapokuwa mbali.