Asili ya Neno si Maana Yake: "Nice" na Tafsiri ya Shakespeare kwa Kiswahili

Neno nice ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi hujifunza mapema na kudhani ameyamaliza. Maana yake ya leo ni "-zuri" au "-a kupendeza". Hata hivyo, chimbuko lake ni neno la Kilatini nescius, linalounganisha ukanushi na kitenzi scire, yaani kujua. Katika Kifaransa cha Kale, nice lilimaanisha "mjinga", na kwa maana hiyo liliingia katika Kiingereza mnamo mwaka 1300. Baadaye lilibeba maana za uteuzi uliopita kiasi, usahihi wa hali ya juu na udogo wa jambo. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18. Katika riwaya ya Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Jane Austen anamfanya Henry Tilney amtanie Catherine Morland kwa kulitumia ovyo neno hilo.

Historia hii inamhusu moja kwa moja mtafsiri wa Kiswahili. Katika tendo la nne, onyesho la tatu la Julius Caesar, tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuitoa upya mwaka 1969 kwa anwani Juliasi Kaizari, Cassius anagombana na Brutus. Brutus amemshutumu Lucius Pella kwa kupokea rushwa. Cassius, aliyemwombea kwa barua, anadai kuwa katika wakati kama ule haifai kulipekua kila kosa lililo nice.

Anayeifuata kamusi ya leo atapata "kosa zuri", jambo lisiloeleweka. Anayeifuata etimolojia atapata "kosa la kijinga". Kosa hili la pili ni la hatari zaidi kwa sababu linasomeka vizuri: rushwa inageuka upungufu wa akili, na msomaji hashtuki. Maana inayodaiwa na muktadha ni "kosa dogo". Hapo ndipo Cassius anapojifichua, kwani hakanushi rushwa, bali anaipunguza uzito. Jibu la Brutus, linalomgeuzia Cassius mwenyewe tuhuma ya tamaa ya fedha, linapata nguvu kutokana na upunguzaji huo.

Kiswahili nacho kinathibitisha hoja hii. Bepari, neno lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha mfanyabiashara. Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limekwisha kubeba lawama ya unyonyaji. Anayeisoma anwani hiyo kwa asili ya neno peke yake hataisikia lawama hiyo.

Kwa hiyo, etimolojia humwonyesha mtafsiri njia ambayo neno limepita. Haimwambii neno lilikuwa wapi siku mwandishi alipolitumia. Kamusi za Kiingereza–Kiswahili zinazokusudiwa kwa wafasiri wa fasihi hazina budi kuonyesha maana zilizochakaa pamoja na vipindi vyake. Bila hivyo, mhusika anayetetea rushwa atapita mbele ya msomaji bila kutambuliwa.