Uzuri wa Pátzcuaro ni wa Nani?

Katika nyanda za juu za jimbo la Michoacán, nchini Meksiko, yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, uko mji wa Pátzcuaro, karibu na ziwa lenye jina hilo hilo. Nyumba zake ni za matofali mabichi. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, sehemu ya chini rangi nyekundu iliyokoza, na mapaa ni ya vigae. Wageni huusifu kuwa ni mji mzuri wa kikoloni. Nasi tulipoutembelea tulivutiwa, na kuukana uzuri huo ni kujidanganya. Lakini yafaa tujiulize: sifa hiyo anapewa nani?

Jibu moja limo katika kanisa la zamani la Mtakatifu Agustino, ambalo sasa ni maktaba. Maktaba hiyo ina jina la Gertrudis Bocanegra, mwanamke aliyeuawa mjini humo mwaka 1817 kwa kuwasaidia wapigania uhuru. Kwenye ukuta wa mwisho, Juan O'Gorman alichora mwaka 1941 na 1942 historia ya Michoacán, kuanzia enzi za Wapurépecha hadi Mapinduzi ya karne ya 20. Humo tunamwona Tangáxoan, mtawala wao wa mwisho, aliyeuawa mwaka 1530 kwa amri ya Mhispania Nuño de Guzmán. Mgeni aliyetoka kuzistaajabia kuta nyeupe za nje hukutana humo ndani na damu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii: haiukani uzuri wa mji, bali inataja gharama yake.

Hata hivyo mchoro una upungufu. Watu na matukio yamesongamana mno, hata mtazamaji asiyeijua historia ya nchi hiyo huchoka kabla ya kuelewa. Ni kazi inayomhitaji mwalimu kando yake.

Jibu la pili limo katika basilika. Humo imo sanamu ya Bikira Maria iliyofanyizwa na mafundi Wapurépecha katika karne ya 16, wakati wa Askofu Vasco de Quiroga. Askofu huyo anakumbukwa kwa wema, kwani alianzisha vijiji vya hospitali na kuhimiza ufundi. Lakini sanamu yenyewe haikuchongwa kwa mti wala jiwe. Ilifinyangwa kwa rojo la mabua ya mahindi, ufundi uliokuwapo kabla ya Wahispania kuja. Kadhalika, wenyeji walikuwa mabingwa wa kufua shaba tangu zamani. Dini ilikuwa ngeni. Mikono na maarifa vilikuwa vya wenyeji.

Basi neno "kikoloni" linataja zama, halimtaji mjenzi. Tukiliacha liwe sifa, tunamkabidhi bwana kazi ya fundi. Nasi tunayo majengo yaliyosimamishwa enzi za Wajerumani na Waingereza. Mwanafunzi atakayepita mbele yake asitosheke kusoma mwaka ulioandikwa juu ya mlango. Na aulize ni nani aliyebeba mawe, nani aliyechoma chokaa, na ni ufundi gani wa wazee wake uliofichwa ndani ya kuta hizo. Akiuliza hivyo, hataubomoa uzuri. Ataurudisha kwa wenyewe.