Macho ya Mpita Njia

Kutembea tunajua sote. Kuona njiani ni ustadi wa kujifunza. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba wanyama na ndege wa kutazamwa wako Serengeti na Mikumi, mahali pa kwenda kwa gari na kulipa kiingilio. Nakataa. Shule ya kwanza ya macho ni njia ile ile ya kila siku, ya dukani, ya msikitini, ya kituo cha daladala, kwa sababu ndiko unakojua jana kulikuwaje. Asiyejua ya jana hawezi kugundua kilichobadilika leo.

Chukua mwembe mmoja tu wa kando ya barabara huku shamba, Unguja. Anayepita mbio huona kivuli. Anayesimama huona majani yaliyoshikamana yakawa mfuko, na mtoto yeyote aliyewahi kuparamia mwembe atamwambia mfuko ule ni wa nani: majimoto, chungu wale wa mitini. Wengi huishia hapo, kwenye kumbukumbu ya kung'atwa. Laiti wangengoja siku ya ujenzi! Majimoto hujipanga safu kwenye ukingo wa jani na kulivuta mpaka likutane na jenzake. Jani likiwa mbali, hushikana wao kwa wao wakawa mnyororo. Kisha huja wengine wamebeba mabuu midomoni. Buu hutoa uzi wa hariri, na aliyembeba humpitisha huku na huku, ukingo kwa ukingo, hadi pale pameshonwa. Wakubwa hawana uzi wa kushonea. Nyumba nzima hutegemea uzi wa watoto.

Na kazi yao haiishii kwenye nyumba. Yuko mdudu anayefyonza nazi changa, vidaka vikapukutika kabla ya wakati. Mnazi unaokaliwa na majimoto hupata ulinzi, kwani wao humwinda mdudu huyo na kumfukuza. Watafiti wa kilimo walilichunguza jambo hilo hapa Zanzibar katika miaka ya 1950. Mkwezi huumia anapopanda, lakini sehemu ya nazi anazoangusha ni jasho la wadudu hao.

Juu ya mnazi huo huo huenda kuna kelele za mnana. Dume huuma ukingo wa ukuti, kisha huruka akiuchana utepe mrefu mbichi. Hufuma ungali laini, maana ukikauka haukunjiki. Jike huja kukagua, na aghalabu kiota kilichogeuka rangi ya kahawia humpita bila kukijali. Dume hukibomoa akaanza upya. Kwa hiyo rangi tu ya viota inakueleza kipi ni cha wiki hii na kipi kimezeeka.

Kunguru nao, tunaowaona kero, wana habari yao. Mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji: aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, na tangu hapo amekuwa akila mayai na makinda ya ndege wengine. Ukimwona anazunguka mti wa mnana, unajua anatafuta nini.

Kwenye nyaya za umeme, kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, tazama mbayuwayu wanaotoka kuzaliana Ulaya na Asia. Ifikapo Mei wengi wao huwa wameondoka.

Ustadi huu hauhitaji darubini. Unahitaji kusimama, kunyamaza, kurudi pale pale saa ile ile, na kuwauliza wazee majina, kwani wapo wanaojua ndege kwa sauti tu, na tusipowauliza sasa maarifa hayo watakwenda nayo. Kesho, basi, usibadilishe njia. Toka nyumbani mapema kidogo, chagua mti mmoja, na mwite mtoto aliye karibu atazame nawe.