Nyoka wa Ziwa Erie: waliozaliwa na waliosalia

Kutoka Columbus, jimboni Ohio, Marekani, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kuelekea kaskazini, unafika Ziwa Erie, lile lile ambalo mashariki linaishia Buffalo. Upande wa magharibi lina visiwa vidogo vya mawe ya chokaa, na juu ya mawe hayo huota jua nyoka wa maji wasio na sumu. Wale wa bara wana mistari myeusi inayokata mgongo. Wa visiwani wengi ni kijivu kitupu, au mistari yao imefifia.

Kijivu hufanana na jiwe, kwa hiyo shakwe hamwoni nyoka. Maelezo matamu, ila kufanana si ushahidi. Kuthibitisha uteuzi asilia kunataka uwajue waliotoweka, na aliyekwisha kuliwa hakamatiki.

Wanabiolojia Joseph Camin na Paul Ehrlich walipata njia, wakaichapisha mwaka 1958. Nyoka huyu hatagi mayai, huzaa. Basi walikamata majike wenye mimba, wakawatunza mpaka wakazaa, kisha wakapanga watoto katika madaraja manne, tangu A asiye na mistari hadi D mwenye mistari kamili. Wakubwa waliokamatwa visiwani wakapangwa vivyo hivyo. Wenye mistari walikuwa sehemu kubwa zaidi ya watoto kuliko ya wakubwa. Tofauti hiyo, walisema, ni ya waliokufa kabla ya kukua.

Mbinu nzuri, isiyohitaji vifaa vya gharama, lakini ina mwanya: haimfuati nyoka mmoja tangu utoto. Mistari ikififia kwa umri, hesabu hutoka ile ile bila shakwe kula yeyote. Ndiyo maana kazi ya mwanabiolojia Richard King ina uzito: aliwatia nyoka alama, akawaachia, akawakamata tena. Mwaka 1995 yeye na Robin Lawson walieleza pia kwa nini mistari haijaisha: nyoka wa bara huogelea mpaka visiwani na jeni zao.

Sasa kuna samaki mgeni, gobi, aliyeletwa na maji ya matangi ya meli miaka ya 1990. Ndiye zaidi ya asilimia 90 ya chakula cha nyoka hawa, nao hukua haraka kuliko zamani. Nadhani anayetaka kurudia hesabu ya 1958 aanzie hapo: nyoka anayenenepa upesi humpa ndege muda mfupi zaidi wa kuchagua.