Wanne Wasio na Mpira

Dallas Mavericks walimpata Luka Dončić mwaka 2018, kijana wa Slovenia mwenye umri wa miaka 19, ametoka Real Madrid akiwa bingwa wa ligi ya kikapu ya Ulaya na mchezaji bora wa ligi hiyo. Kipaji chake kilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Iliwachukua karibu miaka sita kujua wamzungushie watu wa namna gani, na mwaka walipojua walifika fainali ya NBA. Timu ile ya 2024 naipenda kuliko hata mabingwa walioifunga, kwa sababu viungo vyake vinaonekana. Unaweza kumchukua mchezaji mmoja mmoja, ukauliza yumo kwa kazi gani, na jibu ukalipata.

Luka hana mbio. Analeta mpira taratibu, bega moja mbele, na senta wa Dallas anakuja kumwekea skrini, yaani anasimama njiani mwa mkabaji. Luka anapita ubavuni mwa senta wake, halafu anapunguza mwendo makusudi, mkabaji aliyekwama anajikuta amebandikwa mgongoni na hawezi tena kurudi mbele. Sasa Luka amebaki na senta wa wapinzani peke yake. Senta huyo akijitokeza, mpira unarushwa juu karibu na kikapu, mtu wa Dallas anaruka na kudanki. Akirudi nyuma, Luka anatupa kutoka palepale alipo. Na mtu wa tatu akithubutu kuacha kona aje kusaidia, pasi inakwenda kona, kwa mkono mmoja, mara nyingi bila Luka kugeuza kichwa.

Yote hayo yanachukua sekunde nne au tano, na hayana thamani iwapo hakuna wa kuruka na hakuna wa kufunga kutoka kona. Zaidi ya hapo, wa kuruka na wa kona ndio watakaokaba upande wa pili, maana Luka si mkabaji hodari na nguvu zake zinaishia kwenye kushambulia. Wawe pia watu walio radhi kukimbia robo nzima bila kugusa mpira. Halafu, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, wawe wa bei nafuu. Msimu wa 2023–24 kikomo cha mishahara ya timu kilikuwa dola milioni 136. Luka alilipwa milioni 40 na Kyrie Irving milioni 37. Watu wawili walichukua zaidi ya nusu, na bado timu inahitaji watu kumi na zaidi.

Njia za mwanzo hazikufika mbali. Mwaka 2019 walimleta Kristaps Porziņģis, nyota mwingine mrefu, lakini wawili hao hawakuwahi kuungana vizuri na miaka mitatu baadaye akaondoka. Mwaka 2022 walifika fainali ya kanda ya Magharibi wakiwa na Jalen Brunson, wakafungwa na Golden State 4–1, na majira yale ya joto Brunson akaenda New York bila Dallas kupata chochote. Februari 2023 wakamchukua Irving, lakini ilibidi wamtoe Dorian Finney-Smith, mkabaji wao bora. Timu yenye wafungaji wawili wa kutisha ikamaliza msimu na ushindi 38, ikapoteza 44, na haikuingia hata hatua ya mtoano.

Mwisho wa msimu huo wa aibu ndipo ufundi wenyewe ulipoanza. Chaguo lao la kwanza la drafti, yaani zamu yao ya kuchagua mchezaji mpya anayeingia ligi, lilikuwa deni kwa New York Knicks, ila deni lisingelipwa mwaka huo kama chaguo lingeangukia ndani ya nafasi kumi za kwanza. Dallas wakawaweka nje wachezaji wao muhimu kwenye mechi dhidi ya Chicago huku nafasi ya kusonga mbele ikiwa bado ipo, na ligi ikawatoza faini ya dola 750,000. Walistahili faini ile. Aliyekata tiketi amelipia mechi ya kweli. Lakini chaguo lilibaki, la kumi, na namna walivyolitumia inastahili kutazamwa polepole. Hawakulitumia kumchukua mtu palepale. Walilipeleka Oklahoma City pamoja na mkataba mzito wa Dāvis Bertāns, wakapokea chaguo la kumi na mbili. Kwa kurudi nyuma nafasi mbili tu walitua mzigo wa mshahara, mtu waliyemtaka akawa bado yupo, na nafuu ile ya mshahara ikawawezesha kupata chaguo jingine, la 24, kutoka Sacramento.

Mtu huyo alikuwa Dereck Lively II, umri wa miaka 19, urefu wa mita 2.16. Mwaka wake mmoja wa chuo kikuu cha Duke alikuwa na wastani wa pointi tano na ushei kwa mechi, takwimu ambazo hazimtoi mtu kitini. Dallas waliangalia anachofanya bila mpira: anaweka skrini, anageuka upesi, anaruka mapema, anadaka juu. Alipofika wakamkabidhi kwa Tyson Chandler amfunze. Chandler ndiye aliyekuwa senta wa Dallas walipotwaa ubingwa wa 2011 wakimzunguka Dirk Nowitzki, na kiungo aliyegawa mipira katika timu hiyo alikuwa Jason Kidd, ambaye Lively alipofika ndiye aliyekuwa kocha. Klabu ile ilishawahi kuifanya kazi hii, na walioifanya walikuwa bado wamo chumbani.

Sisi tuliomfuatilia Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, tunaielewa kwa uchungu thamani ya senta kujua aliletwa kwa kazi gani. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, wakati senta wao alikuwa tayari Marc Gasol. Sisemi angekuwa nyota mahali pengine. Nasema mtu mrefu hutegemea sana nani anamrushia mpira na kwa nini aliletwa, na Lively alipata jibu la maswali yote mawili siku ya kwanza.

Majira hayohayo walimsajili Derrick Jones Jr. kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na ligi. Alikuwa bingwa wa shindano la kudanki la 2020, ameshapita Miami, Portland na Chicago, na wengi walimjua kwa kuruka tu. Kidd akampa kazi ya kumkaba mfungaji hatari zaidi wa kila timu. Mechi za mtoano huku Afrika Mashariki huangukia saa tisa au saa kumi alfajiri. Atakayezirudia mchana asiufuate mpira, amfuate Jones. Atamwona akimwandama Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Oklahoma City, kuanzia katikati ya uwanja, anagongana na skrini, anapita chini yake, anarudi kusimama mbele ya mtu wake tena, kisha upande wa pili anakwenda kona na kusubiri.

Februari 8, 2024, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, wakakamilisha. Kutoka Charlotte alikuja P.J. Washington, fowadi mwenye nguvu ya kukaba na mkono wa kutosha wa pointi tatu. Kutoka klabu ya Washington alikuja Daniel Gafford, senta mwingine wa kuruka. Kuna waliouliza wa nini, wakati Lively yupo. Kwa kuwa na wawili, kusingekuwepo na dakika hata moja Luka akiwa uwanjani bila mtu wa kumrushia juu. Gafford aliingia kwenye mfumo kama aliyezaliwa ndani yake: mwezi Machi alifunga mitupo 33 mfululizo bila kukosa hata mmoja, pungufu ya miwili tu kwa rekodi ya Wilt Chamberlain ya 1967. Mtu hafikii hapo kwa shabaha pekee. Anafikia kwa kupewa mpira mahali ambapo hakuna la kufanya ila kuusukumiza ndani.

Halafu mtoano, ambao hauna huruma na timu iliyojengwa nusunusu. Unakutana na wapinzani walewale hadi mara saba, na kuanzia mechi ya pili wameshajua nani wamwache. Oklahoma City, vinara wa Magharibi, waliamua kumwacha Washington ili wajazane mbele ya Luka. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Washington akawafunga pointi 29 mechi ya pili na 27 mechi ya tatu. Dallas nao walimtahini Josh Giddey wa Oklahoma City vivyo hivyo, wakamwacha wazi, mitupo haikuingia na dakika zake zikapungua. Mechi ya sita, Dallas wakiwa nyuma kwa pointi moja, mpira ulimfika Washington, Gilgeous-Alexander akamfanyia faulo akitupa pointi tatu, zimebaki sekunde 2.5. Akafunga mtupo wa kwanza wa adhabu, akafunga wa pili, na wa tatu akaukosesha makusudi ili muda uwaishie wapinzani. Ikaisha 117–116. Miezi mitatu nyuma alikuwa Charlotte, timu isiyokuwa na mtoano wa kuufikiria.

Fainali ya Magharibi dhidi ya Minnesota watu wanaikumbuka kwa mechi ya pili, Luka akirudi hatua moja nyuma na kumfunga senta Rudy Gobert pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde tatu. Mtupo mzuri ajabu. Ila mimi naikumbuka zaidi mechi ya nne. Lively alikuwa ameumia shingo mechi iliyotangulia, hakucheza, na hiyo ndiyo mechi pekee Dallas waliyopoteza katika tano. Aliporudi, mechi ya tano waliimaliza 124–103. Alikuwa na umri wa miaka 20, na mama yake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia.

Boston waliwazuia kwenye fainali, 4–1, na waliwazuia kwa kuielewa kazi yote. Wakabaji wao waliweza kubadilishana bila kuacha pengo, basi mmoja alibaki na Luka peke yake na wa kona hawakuondoka kona. Afunge akitaka, ila pasi hapati pa kuipeleka. Upande wa pili walimtafuta Luka akikaba, shambulizi baada ya shambulizi, hadi mechi ya tatu akatolewa kwa faulo sita zikiwa zimebaki dakika nne na ushei. Kila kiungo cha Dallas kilikuwa kizima. Ila kila kimoja kilikuwa kimetenganishwa na vingine.

Timu ile ilistahili kuendelezwa. Jones aliondoka kwenda Clippers, na usiku wa kuamkia Februari 2, 2025 Dallas wakampeleka Luka Lakers kwa kubadilishana na Anthony Davis, uamuzi ambao hadi leo unaniuma kama mpenzi wa kazi nzuri iliyokatishwa. Lakers walikuwa wamempata nyota na kumtoa senta kwa mkono huohuo. Siku chache baadaye walijaribu kumchukua senta Mark Williams wa Charlotte, wakavunja makubaliano baada ya vipimo vya afya. Wakaingia mtoano bila senta wa kutegemewa wa kurushiwa juu, na waliyemkuta ni Minnesota. Mechi ya nne kocha JJ Redick alicheza kipindi chote cha pili na watu watano walewale, bila senta halisi, wakapoteza kwa pointi tatu. Mechi ya tano Gobert, yuleyule wa mtupo ule wa Luka, alifunga pointi 27 na kudaka ribaundi 24, na Lakers wakatolewa 4–1. Julai wakamsajili Deandre Ayton, senta aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2018 ambayo Luka alikuwa wa tatu, kisha Marcus Smart, mkabaji. Finney-Smith, aliyekuwa amekutana na Luka tena Los Angeles, akaondoka kwenda Houston.